Spiriti Ibaki Dukani: Kutunza Santuri, Kaseti na Makaratasi ya Kanisani Huku Kusini

(Maneno haya yalisemwa Mtwara mbele ya wanakwaya, makatekista na watunza ofisi za parokia. Yale yaliyoonyeshwa mezani yameelezwa hapa kwa maandishi.)

Waheshimiwa mapadre na wachungaji, masista, makatekista, walimu wa kwaya, mama zetu wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) na wa Umoja wa Akina Mama, na ninyi vijana: Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu zetu Waislamu mliokuja, maana huku kwetu shughuli ya jirani ni shughuli ya wote, asalaam aleikum. Mengi ya leo yanafaa vilevile kwa santuri na kaseti za kaswida, kwa hiyo msijione wageni.

Tuanze na kosa. Mtu anaokota santuri ya zamani nyuma ya kabati la sakristia. Imejaa vumbi na ukungu mweupe. Nia yake njema. Anachukua pamba, anaichovya kwenye spiriti, anasugua. Muda mfupi tu pamba imekuwa nyeusi tii, naye anafurahi kwamba uchafu unatoka. Si uchafu huo. Ni santuri yenyewe inayeyuka.

Santuri zilizotangulia plastiki zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa India na nchi za jirani yake, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Shelaki hiyo ndiyo ileile ambayo fundi seremala hupaka kwenye fanicha ing'ae. Naye fundi huiyeyusha kwa nini? Kwa spiriti. Kinachong'arisha kabati ndicho kinachofuta wimbo.

Ndiyo maana tunasisitiza kitu kimoja kabla ya vingine vyote: kitambue kwanza, ndipo ukiguse. Vitu vingi vya kanisani ambavyo tumevikuta vimeharibika havikuuawa na mchwa wala mvua. Viliuawa na mtu aliyetaka kuvisaidia.

Basi utaitambuaje? Shika santuri kwa ukingo, ining'inie kwenye kidole kupitia tundu la katikati, kisha igonge kidogo kwa ukucha. Shelaki inalia kama sahani ya udongo. Plastiki inatoa mlio mfu. Shelaki ni nzito, haipindi, ikianguka inavunjika vipande. Kwa kawaida ina kipenyo cha inchi 10, inazunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande una wimbo wa dakika 3 hivi. LP, yaani santuri ndefu ya plastiki, ina inchi 12, inazunguka mara 33 na theluthi, upande mmoja unabeba dakika 20 na ushee. Ndogo ya inchi 7 mara nyingi ni ya mizunguko 45.

Lakini usitegemee namba 78 peke yake, hapo wengi wamejikwaa. Shirika la Gospel Recordings, lililoanzishwa Marekani mwaka 1939 na Joy Ridderhof, lilisambaza santuri ndogo za mahubiri na nyimbo katika lugha nyingi sana za dunia, na nyingi zilikuwa za plastiki ingawa zilizunguka 78. Shirika hilohilo ndilo lililotoa kituko ambacho mkusanyaji yeyote angependa kukiona: gramafoni ya karatasi ngumu. Unaikunja kama boksi dogo, sindano imo ndani ya kifuniko, nawe unazungusha santuri kwa kijiti au kwa kidole. Haina umeme, betri wala springi. Ukikuta kwenye stoo ya misheni boksi jembamba lenye sindano, usilitupe ukidhani ni takataka za duka.

Ipo na aina ya tatu, iliyo hatarini kuliko zote: sahani nyeusi inayong'aa, yenye tundu zaidi ya moja karibu na katikati, na ukingoni unaona rangi ya alumini. Hiyo ilichongwa moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodia, yaani nakala yake nyingine haipo duniani. Ngozi yake nyeusi inabanduka kama rangi ya ukuta wenye fangasi. Hiyo usiioshe, usiipige. Ifunge kwenye karatasi nyeupe safi, iweke kivulini, utafute mtu mwenye mitambo.

Sasa kuosha. Kwa santuri ya plastiki unahitaji lita 1 ya maji yaliyochujwa kwa mvuke, matone 2 au 3 ya sabuni ya maji ya vyombo isiyo na manukato mengi, na kitambaa laini kama kile cha kufutia miwani. Maji ya bomba ya pwani yana chumvi na chokaa. Yakikauka yanaacha unga ndani ya mifereji na sindano itaukwaruza. Maji yanayofaa yanauzwa kwenye maduka ya vipuri: maji ya betri. Ila hapa tusikilizane vizuri. Dukani kuna chupa mbili zinazofanana, moja ni maji ya kuongezea betri, nyingine ni asidi ya kujazia betri mpya. Soma maandishi kabla hujalipa, kisha yasome tena nyumbani. Asidi haitabakiza santuri wala vidole.

Lowesha kitambaa, usimwage maji. Futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda nje. Lebo isiguse maji, kwa sababu wino wa lebo nyingi unachujuka. Suuza kwa kitambaa cha pili chenye maji matupu. Kisha isimamishe kwenye kichanja cha vyombo, kivulini. Jua la saa saba la Mtwara huipinda LP, na ikishapinda hata ukiikandamiza kwa matofali hairudi kama ilivyokuwa.

Ya shelaki inaoshwa kwa maji hayohayo, lakini kwa haraka, na inakaushwa papo hapo. Kama ina ufa, usiiloweshe kabisa. Baadhi zina tabaka la karatasi katikati. Maji yakipenya kwenye ufa karatasi inavimba, na uso wa santuri unanyanyuka kama maandazi.

Kuhusu kupiga. Ncha ya sindano ya santuri za 78 ina nusu kipenyo cha mikroni 76 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ya LP ni mikroni 18 hadi 25. Ukiweka ncha nyembamba kwenye mfereji mpana, inateremka hadi chini kabisa walikolala vumbi na mchanga, nawe unasikia mkwaruzo mtupu. Watu hapo husema "santuri imekufa", kumbe sindano siyo. Kinyume chake ni kibaya zaidi: sindano ya chuma ya gramafoni ya mpini ukiiweka juu ya LP, unailima. Na sindano hiyo ya chuma ni ya upande mmoja tu, kisha inatupwa. Unga wa mawe ulio ndani ya shelaki huinoa sindano hadi ifuate umbo la mfereji. Ukiirudia kwenye santuri nyingine, kingo zake kali zinachonga nyimbo za watu.

Ukiwa na pleya yenye 33 na 45 tu, bado unaweza kuhamishia santuri ya 78 kwenye kompyuta. Ipige kwa 45, irekodi, kisha kwenye programu kama Audacity ongeza kasi mara 1.733, yaani 78 gawanya kwa 45. Wimbo wa dakika 3 utachukua dakika 5 na sekunde 12 kurekodiwa. Usishtuke ukisikia kwaya nzima inaimba besi. Rekodi kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, kwa kipimo cha ubora cha biti 24, kilohezi 96 kwa santuri. Kila dakika itakula kama megabaiti 35, na LP ya dakika 40 itafika karibu gigabaiti 1.4. MP3 ni ya kutumiana kwenye simu, siyo ya kutunzia.

Kwa bahati mbaya wakusanyaji wengi wanaishia kwenye santuri, kwa sababu santuri inapendeza ukutani. Chukueni Missa Luba, ile misa ya Kilatini yenye midundo ya Kongo iliyorekodiwa mwaka 1958 na kwaya ya Kamina chini ya Padre Guido Haazen. Ni kazi nzuri, hakuna ubishi, lakini imechapwa na kurudiwa Ulaya na Marekani mara nyingi. Haitapotea hata nyumba zetu zote zikiungua. Kaseti ya kwaya ya kigango, iliyorekodiwa kwa redio kaseti na maikrofoni moja, wimbo wa Pasaka kwa Kimwera au Kimakonde, inaweza kuwa ndiyo hiyo moja. Kwa maoni yetu kaseti ndiyo dharura, na santuri inaweza kusubiri.

Kaseti ililetwa sokoni na Philips mwaka 1963. Andiko la C60 maana yake dakika 30 kila upande, C90 ni 45, C120 ni 60. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo utepe unavyokuwa mwembamba: wa C60 una unene wa mikroni 18 hivi, wa C120 unakaribia 9. Kwa hiyo C120 ndiyo inayomezwa na redio. Ukiwa nayo, usirudishe nyuma na mbele ovyo, na usiibonyeze "pause" mara kwa mara.

Kabla ya kupiga kaseti ya zamani, ishike kwenye mwanga, uchungulie dirishani mwake. Ukiona unga mweupe kama wa muhogo juu ya mzingo wa utepe, huo ni ukungu. Usiipige, kwa sababu utaupanda kwenye kichwa cha redio na kila kaseti itakayofuata itaupata. Itenge kwenye mfuko wake. Kama ni safi, kwanza vunja vile vijiti viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili kidole cha mtu kisije kikarekodi taarifa ya habari juu ya Litania ya Watakatifu. Kisha zungusha kwa kalamu ya Bic, ile yenye pembe sita, mizunguko kadhaa, usikie kama ni nzito. Ikiwa inakwenda, ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha, mara moja, ndipo uipige.

Tatizo kubwa la kaseti za hapa pwani ni kile kipande kidogo cha sponji au kitambaa kinachosukuma utepe dhidi ya kichwa. Gundi yake inakauka, kinadondoka, na sauti inakuwa kama inatoka kisimani. Watu wanadhani wimbo umefutika. Fungua skrubu 5, chukua sponji hiyo pamoja na bati lake kwenye kaseti mbovu ya mahubiri usiyoijali (samahani wahubiri), ihamishie, funga. Ni kazi ya dakika 10. Kaseti nyingine hazina skrubu, zimegundishwa. Hizo unazipasua taratibu kwenye mshono kwa kisu chembamba, unahamisha mizingo yote miwili kwenye ganda la kaseti yenye skrubu. Lebo unaibakiza pamoja na ganda la zamani, hulitupi.

Utepe ukikatika, kata ncha zote mbili kimshazari kwa mkasi usio na sumaku, uziunganishe upande wa mgongo kwa utepe maalumu wa kuungia. Selotepu ya dukani gundi yake inachuruzika kwa joto letu, na ndani ya miezi michache mizunguko mitatu ya utepe imeshikana.

Kuna skrubu moja ambayo mafundi wengi wa redio hawaigusi wanapohamisha kaseti, nayo ndiyo inayoleta tofauti. Iko pembeni mwa kichwa cha kusomea, mara nyingi ina springi ndogo chini yake. Inainamisha kichwa kushoto au kulia. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine moja inasomeka vibaya kwenye nyingine kwa sababu vichwa havikuinama sawa. Piga kaseti, geuza skrubu robo ya mzunguko au chini ya hapo, usikilize "s" ya "Yesu". Ikiwa ni "th" yenye pamba, endelea kugeuza. "S" ikikatika safi na ile njuga ya nyuma ikasikika, acha hapo. Kila kaseti ina mahali pake, kwa hiyo unarudia kila mara. Ndiyo, inachosha. Hapa biti 24 na kilohezi 48 zinatosha, na C60 nzima itachukua kama gigabaiti 1.

Kuhusu kichwa chenyewe: hapo ndipo spiriti safi inaporuhusiwa. Kijiti cha pamba, spiriti kidogo, kila baada ya kaseti 5. Kwenye chuma sawa, kwenye shelaki hapana.

Twende kwenye makaratasi: picha takatifu, kadi za kipaimara na za upadrisho, kalenda za misioni, matangazo ya jubilei, daftari za solfa (noti za do-re-mi) za walimu wa kwaya. Kwa upande wetu wa nchi karatasi za kale ni chache kwa sababu zinazojulikana. Waanglikana wa UMCA, shirika lao la misheni, walifika Masasi mwaka 1876, Wabenediktini wakaanza Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906. Katikati, mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipita na misheni kadhaa zikachomwa, na Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani wakapigana Mahiwa, karibu na Nyangao. Kwa hiyo mtu akikuuzia kijitabu cha sala "cha mwaka 1890 kutoka Lukuledi", usitoe hela. Misheni yenyewe ilikuwa bado.

Karatasi isiyo na tarehe inajitaja kwa njia nyingine. Tazama bei. Pesa (sarafu ndogo) na rupia mara nyingi ni za enzi ya Wajerumani. Kuanzia 1904 pesa 64 za rupia moja zilibadilishwa kuwa heller 100. Shilingi za Afrika Mashariki ni za miaka ya 1920 na kuendelea. Jina "Tanganyika" kwenye anwani linakuambia ni kabla au karibu na 1964. Vitabu vya Kikatoliki vina neno "Imprimatur", yaani ruhusa ya kuchapwa, pamoja na jina la askofu au abate, mahali na siku, mara nyingi nyuma ya ukurasa wa kwanza, na hicho ni cheti cha kuzaliwa cha kitabu. Tahajia nayo inasema: ukikuta "Muungu" kwa u mbili, uko katika maandishi ya zamani, wakati kila misheni ilikuwa na Kiswahili chake, kabla Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 haijasawazisha mambo.

Ukiokoa karatasi, mambo ya kuacha ni mengi kuliko ya kutenda. Laminesheni ni jeneza, ile plastiki ya moto haitoki tena bila kuchana picha. Selotepu inageuka kahawia na kutoboa wino. Pini na klipu za chuma zinashika kutu kwa hewa ya bahari ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo zitoeni leo. Usifunge kwa magazeti, karatasi yake ina asidi inayohamia. Karatasi nyeupe ya fotokopi ni afadhali. Andika kwa penseli, nyuma, kwenye kona, bila kukandamiza. Nakala za zamani za rangi ya zambarau zilizotolewa kwa mashine ya spiriti zinafifia zikiona mwanga, kwa hiyo hizo mzipige picha kwanza kuliko nyingine zote, pande mbili, rula ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa, mwanga wa dirishani bila flashi.

Karatasi zenye wadudu zinatibika kwa friza. Funga kwenye mifuko miwili ya nailoni isiyopitisha hewa (kama friza ni ya samaki fanya mitatu), ziweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Umeme ukikatika hadi barafu ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo umande utaganda juu ya karatasi baridi. Santuri na kaseti haziingii friza. Na vidonge vya naftalini visikae sanduku moja na kaseti, mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki.

Ukungu unashamiri unyevu unapozidi asilimia 65 au 70, na huku kwetu masika hilo ni jambo la kila siku. Hamuwezi kuweka kiyoyozi kila ofisi ya parokia. Mnaweza kuweka rafu kwenye ukuta wa ndani, siyo ule unaopigwa na mvua, ubao wa chini ukiwa sentimita 15 juu ya sakafu, vitabu visiguse ukuta. Sanduku la bati linatoa jasho usiku, na gunia la korosho linashika unyevu na mafuta ya maganda. Santuri zisimame wima, zisilale, zisiegemee. Hamsini kubwa na maganda yake zinakaribia kilo 12, kwa hiyo ubao mwembamba utapinda. Wakati wa kusi, alasiri kavu, fungueni madirisha.

Vitenge navyo ni kumbukumbu, hasa vile vya jubilei na vya ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya Septemba 1990. Viviringisheni kwenye bomba la karatasi ngumu lililofunikwa shuka jeupe. Kukunja kunakata uzi palepale kila mwaka.

Kuna vitu ambavyo mkusanyaji havigusi. Daftari za ubatizo na ndoa ni mali ya parokia, hata kama mtu anaziuza kwa bei ya karatasi za kufungia karanga. Zirudishwe ofisini. Masalia ya watakatifu hayauzwi, sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni 1190, inakataza moja kwa moja. Picha na rozari zilizobarikiwa zikichakaa huchomwa au kuzikwa, na hiyo ni desturi ya heshima, si uzembe. Mwombeni katekista awaite kabla ya moto, msimlaumu baada yake.

Na wimbo haugeuki wako kwa kuwa kaseti ni yako. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusikiliza na kutunza ni jambo moja, kupandisha YouTube ni jingine. Tafuteni mwalimu wa kwaya au familia yake, au uongozi wa kanisa, mpate ruhusa kwa maandishi.

Kumtafuta huko ndiko kunakofungua kaseti kweli. Ukishahamisha sauti, ipeleke kwa mama aliyekuwa sauti ya kwanza. Usimuulize mwaka, mwaka watu hawaukumbuki. Muulize padre alikuwa nani, kanisa lilikuwa na bati au makuti, nani alipiga ngoma, nani aliongoza besi, yule anayekohoa kabla ya beti la tatu ni nani. Andika majina yote pamoja na kigango na lugha ya wimbo. Jina la faili liwe fupi, mfano MTW-0001-A, na maelezo yakae kwenye daftari na kwenye kompyuta. Fanya nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, 1 ikae nje ya jengo. Flashi ya mfukoni haihesabiwi.

Sasa tusogee mezani. Walioleta kaseti wakae upande wa dirisha, tuanze na ukungu. Wenye santuri njooni huku, kila mtu agonge yake kwa ukucha atuambie imelia vipi. Na yule kijana aliyekuja na chupa ya spiriti, asante kwa moyo wako, ifunge vizuri uiweke chini ya kiti. Tutaihitaji baadaye, kwa vichwa vya redio.